Shuka la Mama Mkwe

Wahenga walipotuachia methali ya mkono na mwana hawakuwa wakiwadharau wanaolea peke yao. Walijua tu kwamba mtoto hubebeka kwa mkono mmoja, ila mkono huo haupati tena nafasi ya kufungua mlango. Kinyozi mmoja aliijua methali hiyo tangu shuleni, tena aliiandikia insha akapewa alama nzuri. Lakini kuijua ni kitu kimoja, na kuikubali ni kingine.

Kinyozi huyo alikuwa mgane. Mkewe alimwachia binti mmoja asiyefunga mdomo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kasuku. Katika siku za mwisho za mkewe wodini, muuguzi mmoja wa kiume alikuwa akimpangusa uso taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha taa. Kinyozi aliitazama mikono ile akajisemea, "Na yangu imezoea vichwa vya watu. Kazi hii naiweza." Tangu hapo wazo la uuguzi likamganda kama kupe.

Njia zilikuwa mbili. Chuo kimoja kilifundisha darasani, mchana mpaka jioni, na zamu za wodini juu yake. Kingine kilifundisha kwa mtandao, mazoezi ya wodini yakingoja hadi mwishoni.

"Soma kwa simu," alishauri fundi viatu, jirani yake, akiwa kitini kichwa kimenyolewa nusu. "Mtoto unamwona, duka unaliona, na mwalimu ukimchoka unamzima."

"Na sindano je? Niichome simu?"

"Utanichoma mimi. Ila nimalizie kichwa kwanza, chuo hakihami."

Kinyozi alicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni. Sindano haikuwa tatizo lake. Baada ya mazishi mama mkwe wake alimwambia, "Mwanangu, nipe huyu mtoto nikakae naye kwangu." Maneno hayo yalimwingia kama hodi ya mwizi. Akaapa kwamba hatampa mtu sababu ya kusema ameshindwa. Akapika, akafua, hata nywele za Kasuku akazisuka mwenyewe, ingawa mikono ya kinyozi inajua kupunguza nywele, si kuzipanga. Kasuku alikwenda shule na mistari isiyojua inakoelekea. Sasa akiingia darasani, jioni mtoto atabaki na nani? Ingebidi amwombe bibi yake, na kwake yeye kumwomba kulikuwa sawa na kumkabidhi.

Basi akachagua simu. Chuo cha mtandaoni kiliwaruhusu watu kuonja masomo ya mwanzo kabla ya kujiandikisha, naye akaanza kuonja. Mwili wake ulikuwa nyumbani kila jioni. Masikio yalikuwa kwingine.

"Baba, leo mwalimu ameniita mbele."

"Mmh."

"Akasema mimi ni ng'ombe."

"Vizuri sana, mwanangu."

Kasuku akamtazama, kisha akanyamaza. Na Kasuku akinyamaza, ujue kuna jambo.

Haukupita muda, bibi akaja kumsabahi mjukuu wake. Alipoinama kumbeba, mgongo ukamkamata papo hapo. Daktari akaamuru alale bila kujitingisha mpaka utulie. Akalazwa kwenye kitanda cha Kasuku, na asubuhi iliyofuata kikombe cha chai kikamponyoka. Shuka lote likalowa chini yake. Ikabidi libadilishwe bibi akiwa bado amelala juu yake, na kwa bahati somo hilo kinyozi alikuwa amelitazama mara kadhaa.

"Ishia hapo hapo mlangoni," mama mkwe alisema. "Mkwe hamgeuzi mkwe."

"Mama, mgonjwa hana mkwe," alijibu, macho yake yakiwa darini kwa heshima.

"Basi nitazame mimi, uache dari. Utakuja kugeuza mto."

Akaisimamisha simu juu ya kigoda. Mle ndani mwalimu alikuwa akimgeuza mwanasesere wa plastiki kwa urahisi kama anayepindua chapati. Kinyozi akavuta. Mama mkwe akaguna. Akaachia, akahamia upande wa pili, akavuta tena. Shuka likajiviringa na jasho likamtiririka.

"Huyo wa kwenye simu," mama mkwe alisema akiwa ameuma meno, "hana mgongo."

Mara Kasuku akapanda kitandani upande wa pili, akaweka viganja vyake begani kwa bibi. "Baba, wewe shika huko kiunoni. Mimi namshika Bibi asiogope."

Wakahesabu pamoja. Baba akasukuma, mtoto akapokea, na bibi akageuka taratibu kama mkeka unaokunjuliwa. Shuka la chai likatoka, safi likaingia.

Kinyozi akakaa sakafuni.

"Mama, nimekuwa naogopa kukuomba unishikie mtoto. Nilidhani ukimchukua hutamrudisha."

"Mimi nilizika binti," alisema bibi. "Nyumba yangu haina sauti. Nilitaka kukupunguzia mzigo, nami nipate wa kuongea naye. Kukunyang'anya, hata siku moja. Ungeniambia njoo ukae hapa, ningekuja na mto wangu siku hiyo hiyo." Akampapasa Kasuku kichwani. "Na hizi nywele, nani kazisuka?"

"Mimi, Mama."

"Nilidhani kapita mbuzi."

Walicheka mpaka mgonjwa akaomba wamhurumie, mgongo unauma.

Simu haikuwa na kosa. Wapo walezi wanaosoma kwa njia hiyo wakatoka wauguzi wazuri. Ila kinyozi aliona kwamba yeye aliichagua kwa woga, ili asimwombe mtu kitu. Basi akamwomba bibi aje wakae pamoja. Bibi alipopona alikwenda kwake, akarudi na mto wake kama alivyosema, na kinyozi akaenda kujiandikisha darasani.

Siku ya kwanza ya vitendo, mwalimu aliwapanga wawili wawili, kila mmoja upande wake wa kitanda. "Mgonjwa mzito hageuzwi na mtu mmoja," alisema. Wenzake wakaandika. Kinyozi hakuandika, alitabasamu tu, akashika upande wake.

Jioni alifika nyumbani, akaiacha simu mfukoni, akakaa. Kasuku, nywele zimesukwa zikanyooka, akamsogelea.

"Baba, leo mwalimu kasema mimi ni ng'ombe."

"Nani huyo? Kesho nakwenda kuonana naye ana kwa ana."

Kasuku akaangua kicheko, akamwangukia magotini. "Hakuna aliyesema. Nilikuwa naangalia kama upo."

"Yupo," bibi aliitikia kutoka jikoni. "Na mimi nipo."

Kinyozi akamkumbatia binti yake, na ile methali aliyoiandikia insha utotoni ndipo alipoielewa: mkono mmoja haulei mwana.