Kijana Aliyetangazwa Amepona

Ndugu zangu, tuseme kulikuwa na kijana mmoja wa chuo. Siku moja wenzake walimshawishi ale uyoga mkavu unaolewesha. Mara moja tu! Wenzake walicheka wee, kesho yake wakawa wazima. Yeye, miaka minne baadaye, hajagusa kitu tena, yuko jikoni anakata vitunguu, mara sakafu inaanza kwenda kama maji. Ukuta unavuta pumzi. Moyo unamwenda mbio mpaka anashikilia meza asianguke.

Kanisani wakamwombea, akapata nafuu wiki tatu. Basi! Mnajua tulivyo. Akapewa kipaza sauti, akashuhudia kwamba amepona, vigelegele mpaka barabarani. Wiki ya nne, hali ikamrudia. Lakini alikuwa ameshapangiwa kushuhudia kwenye semina ya vijana, kongamano la akina mama, na Jumapili ya wageni.

Jumapili hiyo ya wageni ilipofika, miezi miwili baadaye, akamfuata mchungaji ofisini, macho chini. "Mchungaji, naona aibu. Bado inanirudia. Naomba leo nisisimame."

"Usikiri kushindwa, mwanangu," mchungaji akamjibu. "Watu wametoka mbali kukusikia. Sema umepona, na utapona."

Akasimama, akasema. Makofi yakapigwa.

Ibada ilipokwisha, mama mmoja akamjia na machozi ya furaha. "Mwanangu ana shida kama yako ile. Nimesikia ushuhuda wako, nimeamua: kliniki haendi tena, dawa natupa."

Wewe ungefanyaje hapo? Ungesema "Amina, mama," ukaenda kunywa chai?

Kijana alirudi mbele, watu wakiwa bado wanasalimiana, akawasha kipaza sauti. "Mama, usimwachishe mwanao kliniki. Mimi sijapona. Nimewadanganya kwa sababu nawaonea aibu."

Mnadhani walipiga vigelegele? Mzee wa kanisa alichomoa waya. Wengine wakajifanya wanatafuta viatu vya watoto. Yule mama peke yake ndiye aliyesogea, akamshika mkono.

"Na wewe kliniki unaenda?" akamuuliza.

"Hapana, mama. Ningeonekana sina imani."

"Basi kesho twende wote watatu."

Sasa mnataka kujua habari za mchungaji. Namfahamu vizuri. Ndiye ninayemnyoa ndevu kila asubuhi, na siku hizi namnyoa kwenye kioo bila kumtazama machoni.

Ndugu, uyoga alikula mwenyewe, hilo hatumfichi. Lakini ile miezi ya kuteseka kimya, huku anatabasamu mbele yetu, tulimpa sisi. Tulitaka habari njema kuliko tulivyomtaka yeye. Tumewafundisha watoto wetu kwamba humu ndani mgonjwa anapokewa akishapona. Naona haya kulisema nikiwa nimevaa joho hili.

Kama yumo humu ambaye bado inamrudia, asimame. Sitaanza kwa kukuombea. Nitaanza kwa kukuomba msamaha.