Kipanya cha Sebuleni

Kipanya cha sebuleni hakifiki ukumbini.

Mmemsikia Mama Tabu, mwenye sebule hii, akiwarushia neno hilo hapo mlipokuwa mnapigiana makofi, mkacheka, kisha mkaulizana limetoka wapi. Wengi hulisema wakidhani ni utani wa watoto wa kompyuta. Si utani. Neno hili lina wazazi wake na lina makaburi yake, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Palikuwa na mtaa uitwao Kwembago, chini ya milima, nyuma ya shamba la mkonge lililokwisha kufa. Wenye shamba waliondoka zamani, lakini bwawa lao waliliacha kule juu, limezuiwa na tuta la udongo, na maji yake yakabaki yanawatazama watu wa Kwembago wakila na wakilala. Watu waliyazoea. Binadamu huzoea hata nyoka wa darini.

Saumu Shekigenda alikuwa fundi cherehani wa mtaa huo, mshonaji wa sare za shule, mwanamke mwenye maneno yaliyopigwa pasi. Kwa ajili ya maneno hayo walimchagua kuwa katibu wa mtaa. Siku moja alipanda juu kukata majani ya mbuzi wake, akaona ufa kwenye tuta. Akaingiza mkono. Mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko, na alipoutoa, vidole vilikuwa vimelowa.

Hakupiga kelele. Alitoa simu akapiga picha: ufa kwa mbali, ufa kwa karibu, mkono wake ndani ya ufa. Masika yalikuwa yananukia. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu, wakubwa wa wilaya wakubali mlango wa bwawa ufunguliwe, maji yashuke polepole mtoni kabla mvua haijayaongeza. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa wilayani. Baraza la wilaya lilikuwa linakuja Kwembago kusikiliza mashauri, na kabla ya masika halingekuja tena.

"Mara hii sisemi," Saumu akamwambia jirani yake. "Mara hii naonyesha."

Jirani huyo ndiye Mama Hoza. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukishuka kutoka bwawani, na sebule yake haikuwahi kukosa watu. Ukitaka kujua nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaonekana kwa nani, ulikwenda kwa Mama Hoza, ukapewa chai, na habari ukaletewa kama vitafunwa. Kila jambo la Kwembago lilipita pale kwanza. Hili nalo likapita.

"Basi ununue kipanya kisicho na waya, shoga," akasema Mama Hoza. "Nimeona kwenye semina ya akina mama. Mtu anasimama kando, anabonyeza, picha zinakwenda zenyewe ukutani. Wakubwa watatetemeka."

Wakaenda wote wawili dukani kwa Chande, muuza vifaa vya simu na kompyuta. Chande akaweka viwili juu ya kaunta. Kimoja kilikuwa cheusi, kinene, kizito. Kingine kilikuwa chekundu, chembamba, chenye taa inayomeremeta tumboni, na ukikibonyeza hakilii.

"Hicho cheusi kama mende aliyenenepa," akasema Mama Hoza. "Utasimama mbele ya wilaya na mende mkononi, Saumu? Heshima ya mtaa iko wapi?"

"Mama Hoza, hapa huchagui kitenge," akasema Chande.

"Nachagua. Kwani wewe unajua kinachopendeza? Hebu jitazame hilo shati."

Waliokuwa dukani wakaangua kicheko. Saumu akakishika kile chekundu, kikamkaa kiganjani kama kimefinyangwa kwa ajili yake.

"Kinafika?" akauliza.

"Kinafika wapi?" akauliza Chande.

Hilo ndilo lililokuwa swali la siku. Lakini Mama Hoza alikuwa amekwisha kuanza habari ya shemeji yake Chande na yule mwalimu mgeni, Chande akageuka kujitetea, na swali likabaki juu ya kaunta pamoja na kile cheusi.

Jioni hiyo sebule ya Mama Hoza ilifurika. Laptopu ya chama cha kina mama ikawekwa juu ya meza, katikati ya vikombe. Kipanya kikagoma. Wakakitia betri, kikagoma. Wakawasha swichi ya tumboni, taa ikameremeta, lakini mshale kwenye kioo haukutikisika. Hapo kila mtu akawa fundi. Huyu akasema kipulizwe, yule akasema kipigwe kidogo, mwingine akasema kisomewe dua. Mwishowe Mama Hoza akachungulia penye betri, akakuta kijidude kidogo kama punje ya hindi kimejibanza pembeni.

"Huyu hapa mtoto wake!" akapaza sauti. "Mama hawezi kusema mtoto akiwa bado tumboni!"

Wakakichomeka kile kijidude ubavuni mwa laptopu, na papo hapo mshale ukaruka. Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wa mbali wakadhani kuna aliyejifungua.

Saumu akaketi kwenye kochi, magoti yakigusa meza. Akabonyeza, ufa ukaja. Akabonyeza, mkono ndani ya ufa ukaja, na watu wakasema "Yarabi!" Akipitiliza picha, Mama Hoza aliyeketi karibu na laptopu alinyoosha kidole, akairudisha. Mwisho kabisa Mama Hoza akataka iwekwe slaidi ya maua, yenye maneno "Asanteni kwa kutusikiliza."

"Wakubwa hupenda kushukuriwa," akasema.

Wakarudia, wakarudia tena, na kila mara makofi yalizidi. Saumu akaenda kulala amejaa sifa kama gunia la pamba, kubwa lakini jepesi.

Sasa niwaeleze ukumbi. Ukumbi wa Kwembago ulikuwa ghala la zamani la mkonge, mrefu kama behewa la treni. Meza kuu ilikuwa upande mmoja na mlango wa wananchi upande wa pili. Na kulikuwa na desturi iliyoanza enzi za manyapara wa shamba: baraza likishaketi, mleta shauri haisogelei meza kuu. Husimama mlangoni, katikati ya watu waliomtuma. Wazee walisema kwamba wale waliosogea zamani walirudi wamesahau walichotumwa, mikono yao ikinukia sabuni ya wakubwa. Basi ukawa mwiko. Anayeuvuka uwanja ulio kati ya mlango na meza amenunuliwa. Na wa mezani nao hawagusi cha mleta shauri, wasije wakaambiwa wamekiharibu.

Desturi hiyo kila mtu wa Kwembago aliijua kama anavyolijua jina lake. Pale sebuleni hakuna aliyeikumbuka.

Siku ya baraza Saumu aliwahi mapema, akaiweka laptopu mbele, kando ya projekta, kwa kuwa waya wa projekta ulikuwa mfupi. Akawasha, maneno "Tuta la Kwembago" yakatokea ukutani, makubwa, yamenyooka. Kisha akarudi mlangoni, akasimama kati ya watu wake, Mama Hoza ubavuni, kipanya chekundu mkononi. Baraza likaketi. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani.

"Endelea, mama," akasema Bwana Kilua, mwenyekiti wa baraza.

Saumu akabonyeza. Ukutani hakukubadilika kitu.

"Endelea, tunakusikiliza."

"Naendelea, mheshimiwa." Akabonyeza tena.

"Labda kimelala," akanong'ona mtu nyuma yake. "Kitikise."

Akakitikisa.

"Kipulize."

Akakipuliza. Katibu mzima wa mtaa, mbele ya wilaya nzima, anapuliza kipanya! Kicheko kikaanza dirishani, kikaingia ndani. Maneno yote ya Saumu yaliyopigwa pasi yalikuwa yameshikizwa kwenye zile picha, na picha hazikuja.

"Mheshimiwa, basi nasema kwa mdomo," akasema. "Tuta limepasuka. Mkono wangu umezama mpaka hapa." Akashika kiwiko chake.

Injinia wa wilaya, aliyekuwa ameketi mwisho wa meza, akainua kichwa. "Wengi wananiambia limepasuka, nikienda nakuta njia ya mchwa. Una picha?"

"Ninayo! Iko humo humo mbele yako, ndiyo inayofuata!"

"Basi tuonyeshe."

"Naomba mmoja wenu abonyeze kitufe kimoja tu..."

Bwana Kilua akairudisha mikono yake nyuma kama mtu aliyeonyeshwa kaa la moto. "Sisi hatugusi cha mleta shauri, mama. Ni desturi yenu wenyewe. Kesho mtasema tumekifuta."

Saumu akautazama ule uwanja mtupu kati ya mlango na meza. Akaona bora aitwe msaliti maisha yake yote. Akapiga hatua.

Kanga yake ikavutwa kwa nyuma.

"Shoga, usivuke!" Ni Mama Hoza. "Unataka tuzomewe mtaa mzima? Waseme tumenunuliwa?"

"Niache, Mama Hoza."

"Sikuachi! Bonyeza! Si juzi kilifanya kazi, sote tuliona? Bonyeza kwa nguvu!"

Saumu, nusu mbele nusu nyuma, kanga ikimkaba, akaunyoosha mkono kadiri ulivyofika, akabonyeza na kubonyeza na kubonyeza. Na hapo kipanya kikashika. Picha zikatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi, ufa, mkono, tuta, zikakimbia ukutani bila hata moja kusimama. Injinia alikuwa ameinama kunong'onezwa jambo na jirani yake. Alipoinua macho, ukutani palikuwa na maua.

Asanteni kwa kutusikiliza.

Ghala lote likalipuka kwa kicheko. Hata watu wa Kwembago walicheka, maana kicheko hakiulizi mtu anatoka wapi.

"Nasi tunashukuru, mama," akasema Bwana Kilua, akijifuta machozi. "Katengeneze chombo chako, uje kikao kijacho. Nani anafuata? Wenye shauri la mbwa wazururaji."

Saumu akabonyeza ili picha zirudi. Hazikurudi. Kule sebuleni kilichokuwa kikizirudisha ni kidole cha Mama Hoza.

Kesho yake alikwenda wilayani na simu yake mkononi. Wakamwambia Injinia yuko safari, asubiri. Akasubiri kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa. Akaenda tena, akasubiri tena. Mvua haikusubiri.

Tuta liliondoka alasiri, saa ya chai. Saumu alikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa juu, akipeleka sare shuleni. Alisikia mngurumo kama wa malori yanayomwaga kokoto, akageuka. Nyumba ya Mama Hoza ilikuwa ya kwanza. Siku hiyo kulikuwa na maneno ya posa, sebule imejaa, viatu vya wageni vimepangwa mpaka kwenye ngazi. Maji yaliingia bila hodi. Yalipopita, palikuwa na matope, na ngazi.

Waliopatikana walilazwa ukumbini, kwa kuwa hapakuwa na jengo lingine lenye nafasi. Waliwalaza mbele, pale pa meza kuu, wamefunikwa shuka. Saumu akafika mlangoni, akasimama mahali pake pa siku zote. Watu wakamtazama. Kisha akauvuka uwanja. Alitembea ule urefu wote wa ghala, na hakuna aliyemvuta kanga.

Alimtambua Mama Hoza kwa hina ya vidoleni. Akaketi sakafuni karibu naye.

Injinia alikuwepo, buti zake zimejaa matope. Akachuchumaa. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "siku ile ulisema una picha. Kwa nini hatukuiona?"

Saumu akafungua mkoba wake, akakitoa kile kipanya. Taa yake ilikuwa bado inameremeta, kwani tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kukizima. Akakiweka sakafuni kando ya mkono wa shoga yake.

"Tulikijaribu sebuleni kwake," akasema. "Tukapigiana makofi. Kipanya cha sebuleni hakifiki ukumbini."

Neno hilo likadakwa. Waliokuwa karibu wakawaambia waliokuwa mlangoni, wa mlangoni wakatoka nalo nje, na matanga yalipokwisha likawa limeshapanda magari na kwenda miji mingine, likiacha nyuma majina ya waliolizaa.

Mpaka leo Kwembago wana mazoea yao. Mtu akitumwa kupeleka shauri, hawamsikilizi kwenye kochi. Humpeleka ukumbini ukiwa mtupu, wakamsimamisha mlangoni, na kwenye meza kuu humketisha mtu asiyempenda. Mtu huyo akisema "nimesikia, nimeona," ndipo hukubali kuwa yuko tayari. Na ule mwiko wa kutovuka uwanja waliuzika pamoja na maiti zao.

Nanyi kesho mnakwenda kusimama mbele ya watu wasiowajua, wasiomjua mama yenu wala chai yake. Makofi ya humu ndani ni matamu, hata mimi nimewapigia. Lakini ukumbi wenu wa kesho uko wazi na jua bado halijazama. Chukueni hiyo mitambo yenu, mwende mkasimame kule mwisho kabisa, mjaribu kutokea hapo.

Kipanya cha sebuleni hakifiki ukumbini.