Mpira wa Bi Sange na Wagonjwa wa Siku ya Uteuzi

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo ukungu ulikuwa bado haujafundishwa kuondoka asubuhi, wanyama walijenga nyumba, wakapika, wakasomesha watoto, na wakacheza mpira. Msicheke! Walicheza kuliko nyinyi, na walibishana na refa kidogo kuliko nyinyi.

Pale tambarare inapokutana na matete ya kinamasi palikuwa na chuo kikuu. Vijana walisoma humo habari za mvua, habari za nyota, na namna ya kumpita mtu kwa chenga. Kila mwaka, matete yakitoa maua meupe, waliomaliza masomo walikaa safu moja uwanjani, na wenye timu za ligi wakaja kuwateua, kila timu kijana mmoja. Siku hiyo iliitwa Siku ya Uteuzi. Kijana akishatajwa na timu, haendi kwingine.

Na sheria ilikuwa moja tu, nyepesi kama unyoya: mnyonge ateue kwanza. Timu iliyo taabani ipate kijana hodari, ili mwakani mechi ziwe tamu. Sheria nzuri kabisa. Lakini sheria nzuri ni kama uji wenye asali, hata nzi wanaujua.

Nzi wenyewe walikuwa wawili, tena wanene. Bwana Nyati, mwenye timu ya Pembe, na Bwana Kiboko, mwenye timu ya Tumbo la Mto. Mwaka mzima wanakula, wananona, wanafunga mabao. Ikifika Siku ya Uteuzi, lo! Wanaugua ghafla. Huyu anachechemea, yule anakohoa. "Sisi ndio wanyonge! Tuoneeni huruma!" Basi wanateua kwanza, na mnyonge wa kweli anabaki na makombo.

Mnyonge wa kweli alikuwa Bi Sange.

Mnamjua sange? Ni kajinyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu inayochezacheza, utadhani mkonga wa tembo aliyesahau kukua. Na mbio! Ukisema "yule pale," hayupo. Timu yake iliitwa Vichuguu, wadogo watupu, na kipa wao alikuwa Kalunguyeye. Sasa Kalunguyeye ana miiba mwili mzima. Kila mpira aliodaka ulitoboka. *Psssss!* Refa analeta mwingine. *Psssss!* Mechi moja iliendelea mpaka mipira ya nchi nzima ikaisha.

Baraza la ligi likachoka. "Bi Sange, Siku ya Uteuzi upate kipa mwingine. Ukikosa, Vichuguu tunaifuta, na kiwanja chenu anapewa Bwana Nyati alishe."

Alishe! Kiwanja chenyewe ndicho kilichokuwa nyumbani. Nguzo ya kushoto ya goli ilikuwa kichuguu, na ndani ya kichuguu hicho ndimo Bi Sange alimozaliwa, ndimo alimozalia. Watoto wake walilala wakisikia mpira ukigonga ukuta, *du... du... du...*, kama moyo wa mama. Nyati akilisha pale, kwato zake zingekiangusha kichuguu siku ya kwanza, na wala asingejua amekanyaga nyumba ya mtu.

Na mwaka ule kipa aliyemaliza chuo alikuwa mmoja tu: Komba, binti mwenye macho makubwa kama visahani, mwenye kuruka kama aliyetupwa na upepo.

Bi Sange akamfuata chuoni. Alimkuta juu ya tawi, jua la saa tisa likimwangukia usoni, amesinzia.

"Shikamoo, shangazi," alisema Komba bila kufumbua macho.

"Marahaba, mwanangu. Umejuaje ni mimi?"

"Pua yako inapiga kelele. *Nyu, nyu, nyu.*"

"Inapiga kelele kwa sababu nina hasira! Nasikia Bwana Nyati anakutaka."

Komba akafumbua jicho moja. "Ananitaka ili wewe usinipate. Makipa anao. Shangazi, unamkumbuka kaka yangu? Nyati alimteua mwaka wa mafuriko. Mpaka leo amekaa benchi. Amekaa mpaka shorewanda wamejenga kiota kichwani mwake. Juzi wametotoa."

"Wametotoa!"

"Vifaranga watatu. Kaka anasema angalau ana wageni." Jicho likajaa machozi. "Mimi sitaki vifaranga kichwani, shangazi. Mimi nataka kudaka."

Bi Sange alirudi nyumbani polepole, yeye asiyejua polepole. Akalala mchana kwa uchungu, na usingizini akaona ndoto.

Aliota mpira. Mpira wa matambara, wa kufungwa kwa kamba za migomba, unabingirika peke yake juu ya umande. Hausukumwi na mtu. Ulipita mlango wa Twiga, Twiga akatoka. Ulipita mlango wa Nguruwe, Nguruwe akaacha sufuria jikoni na kutoka na mwiko mkononi. Wote waliufuata kimya, miguu haigusi ardhi, wazee kwa watoto, na hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Mpira ulikuwa unacheka kidogo kidogo.

Alipoamka, pua yake ilikuwa imetulia.

"Leteni matambara," aliwaambia wanawe. "Na kamba za migomba. Halafu mtu anipikie uji. Nina wagonjwa wa kwenda kuwajulia hali."

Siku ya Uteuzi ikafika. Ukungu ulikuwa umelala uwanjani kama maziwa yaliyomwagika, na maua ya matete yalikuwa yakipeperuka ndani yake. Vijana walikaa safu yao mbele ya goli, Komba akiwa wa mwisho, karibu na nguzo. Kulishakucha, na komba mchana ni usingizi mtupu. Kichwa kilikuwa kikimwinama.

Mwamuzi mkuu alikuwa Bi Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya uwanja, filimbi shingoni. Mwanamke wa haki, lakini alikuwa na neno lake moja: "Mimi napuliza nililoliona. Nisiloliona sipulizi."

*Kwe, kwe, kwe*, machela ikalia kutoka ukunguni. Nyumbu wanne walikuwa wamembeba Bwana Nyati, ndimi nje. Mguu wake wa mbele ulikuwa umefungwa majani ya mgomba mpaka begani.

"Aaah! Mguu wangu! Umevunjika vipande vipande! Msinitikise!"

Nyuma yake Bwana Kiboko alikuja akijiburura kwa tumbo. "Uuuwi, mgongo! Uuuwi, kifua! Mimi wa leo leo tu. Nizikeni penye majani mengi."

"Mzee, punguza," Nyati alimnong'oneza. "Mwaka huu ni zamu yangu kuteua kwanza."

"Basi niugue kiasi gani?"

"Ugua mgongo tu. Kifua acha."

Bi Korongo akainamisha shingo, akamwangalia huyu, akamwangalia yule. Akamwangalia Bi Sange, aliyesimama wima na kapu lake kichwani, mzima wa afya.

"Bi Sange, wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu, mama mwamuzi. Mimi ni mnyonge, si mgonjwa."

"Hmm. Macho yangu yanaona mguu uliofungwa, na mzee aliyelala chini. Sijaona jingine." Akachukua filimbi. "Basi wa kwanza kuteua mwaka huu..."

"Mama mwamuzi!" Bi Sange alidakia. "Samahani. Kwetu mtu hampiti mgonjwa bila kumjulia hali. Nimewaletea uji. Niruhusu niwape pole, halafu tuendelee."

Nani angekataa? Kumjulia hali mgonjwa ni heshima. Bi Korongo akashusha filimbi.

Bi Sange akaisogelea machela. "Pole sana, Bwana Nyati."

"Nishapoa, mama. Aaah!"

"Pole, mzee Kiboko."

"Asante, mwanangu. Uji una sukari?"

Bi Sange akatua kapu, akatoa kibuyu cha uji. Na kapu, likiwa jepesi sasa, likalala ubavu. Kutoka ndani yake ukatoka mpira.

Ulikuwa wa matambara, umefungwa kwa kamba za migomba. Ukabingirika taratibu juu ya umande, ukiacha njia nyembamba ya kijani nyuma yake. Ukungu ulijigawa kuupisha. Nyumbu waliacha kuhema. Uwanja mzima ukawa kimya, kama nyumba ambayo mtoto ndiyo kwanza amelala.

Mpira ukaja, ukaja, ukasimama hatua moja mbele ya pua ya Bwana Nyati.

"Lo, umeniponyoka," alisema Bi Sange. "Bwana Nyati, tafadhali, usiuguse. Wewe ni mgonjwa."

"Nani anaugusa?" alisema Nyati. Lakini jicho lake lilikuwa limeganda pale.

"Mzuri, eh? Nimeufunga mwenyewe. Sikiliza." Akaugonga kwa pua. *Du.*

Mkia wa Nyati ukatikisika.

"Enzi zako," Bi Sange aliendelea kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayeimba peke yake jikoni, "watu wanasema ulikuwa na shuti la mguu wa mbele. Wanasema mpira ukiondoka pale, majani yanalala. Mimi nilikuwa mdogo, sikuona. Labda walitia chumvi."

"Hawakutia!"

"Bwana mgonjwa, tulia. Usijitoneshe."

*Du.* Mpira ukasogea kidogo.

Bwana Kiboko akainua kichwa. Alikuwa ameusahau mgongo. "Nyati," alinong'ona, macho yamelegea kwa utamu, "goli liko wazi."

"Naliona."

"Liko wazi kabisa. Yule komba amelala."

Bi Sange alitazama golini, akatamani kuuzuia mpira. Kweli, Komba alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani. Lakini mpira ulishakuwa pale, na ndoto ikianza haina breki.

Mguu uliofungwa majani ukaanza kutetemeka. Jani moja likaanguka. La pili likaanguka. Nyati aliuma meno, akafumba macho, akafumbua. Na ghafla alikuwa kijana tena, na uwanja ulikuwa wake, na hakukuwa na ligi wala uteuzi wala majani ya kulisha. Palikuwa na mpira tu.

"Nipasie!" Kiboko alipiga kelele, akasimama wima kama mlima. "Nipasie mimi!"

"Ng'o!"

Nyati akaruka kutoka kwenye machela. *PWAAA!*

Majani ya mgomba yakatawanyika hewani. Mpira ukaondoka, ukauchana ukungu, na nyasi zote njiani zikalala. Ulikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya juu ya goli, na kipa amesinzia.

Hapo, macho yakiwa bado yamefumbwa, Komba akainuka kutoka ardhini. Hakuna aliyeona alivyochuchumaa, hakuna aliyeona alivyoruka. Alielea tu, mkia umenyooka, akanyoosha mikono ndani ya ukungu. *Pap!* Akatua kwenye majani, mpira kifuani, ndipo akafumbua yale macho yake.

"Nilikuwa naota mpira," alisema kwa mshangao. "Nikaudaka."

*PRIIIIIII!*

Bi Korongo alikuwa ameshusha mguu wake wa pili. Watu wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuuona.

"Bwana Nyati, mguu wako uko wapi?"

Nyati akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya ule mguu uliovunjika vipande vipande. Akaanza kuchechemea, lakini alichechemea kwa mguu mwingine.

"Na wewe mzee Kiboko, mgongo?"

"Ni... ni uji, mama mwamuzi. Uji umeniponya."

"Kibuyu hakijafunguliwa!"

Uwanja ukaangua kicheko mpaka maua ya matete yakapukutika. Nyati aligeuka, mapua yakifuka. "Sange! Umenidanganya!"

Pua ya Bi Sange ikaanza. *Nyu, nyu, nyu!* "Mimi? Nimekudanganya nini? Nilikuambia usiuguse, sikukuambia? Nilikuambia wewe ni mgonjwa, sikukuambia? Kama kuna uongo hapa, ulikuja umebebwa na nyumbu wanne!"

"Mimi napuliza nililoliona," alisema Bi Korongo. "Nimeona wazima wawili na mnyonge mmoja. Bi Sange, teua."

Bi Sange hakuhitaji kufikiri. "Komba," alisema.

Komba alivuka uwanja akikimbia, mpira bado kifuani, akaja kusimama upande wa Vichuguu. Kalunguyeye alitaka kumkumbatia, wote wakapiga kelele, "Usiuguse mpira!"

Nyati akarudi kwenye machela yake, akajilaza, akasubiri. Nyumbu wanne wakatazamana.

"Tembea," walimwambia.

Tangu siku hiyo kiwanja cha Vichuguu kipo. Ukipita pale asubuhi ya ukungu, tega sikio karibu na nguzo ya kushoto. *Du... du... du...* Ni watoto wa sange wanabembelezwa. Na mwaka uliofuata kaka yake Komba aliruhusiwa kuacha benchi, akaja nyumbani taratibu, kichwa wima, ili asiwaangushe wageni wake.

Nimeupiga mpira wangu, nao umefika golini. Aliyeudaka aende nao kwao.

Anayejifanya mnyonge ili ampore mnyonge, mguu wake mwenyewe ndio utakaomwumbua.