Jina la Mtoto wa Siku ya Moshi

Hapo zamani za juzijuzi, kijiji kimoja cha Unyamwezi kilipata umeme wa jua. Betri kubwa zilijaa ndani ya kontena nyuma ya zahanati, na kontena lilikuwa na matundu yaliyotoa upepo wa moto mchana kutwa. Mwaka huo mvua ilichelewa kukatika, viazi vitamu vimekwisha kukatwa, havina jua. Wanawake hawakuhitaji kuambiwa. Wakaegemeza chanja za michembe, vile vipande vya viazi vya kukausha, pale pale kwenye matundu.

Wa kwanza alikuwa Bibi Nyamizi, mama mkwe wa Kabula.

"Mama, si mafundi walisema matundu yasizibwe?" Kabula akauliza, mimba yake imetimia.

"Lubasha mtunza betri amekula michembe yangu kwa karanga, akaomba na ya kwenda nayo. Wewe beba tumbo lako."

Joto likapanda. King'ora kikalia, kikalia tena. Nesi Limi akatoka wodi ya wazazi amefura. "Wazazi wangu hawalali! Kizime hicho!" Lubasha akakizima.

Uchungu ulimshika Kabula mchana, akalazwa zahanati. Bibi Nyamizi, aliyekwenda kugeuza michembe, akanusa harufu kama ya rangi ya kucha, akasikia kitu kikifoka ndani ya kontena. Hakuuliza mtu. Akapiga teke chanja, akapiga yowe, akamkokota Kabula kwa makwapa mpaka darasani, kwenye shule iliyo ng'ambo ya uwanja. Wagonjwa wote wakamfuata.

Lubasha akakata umeme. Wanaume wakaja na ndoo na mtaimbo.

"Fungua tumwagie maji!"

"Ndani kuna gesi. Ukiipa hewa inalipuka."

"Mwoga wewe!"

"Mwoga, ndiyo. Rudini nyuma!" Akawasukuma kwa kifua, mpaka darasani alikolala Kabula. Punde mlango wa kontena ukaruka wenyewe kwa kishindo na moshi, ukaangukia pale ndoo zilipoachwa.

Kabula akajifungulia juu ya dawati. Mtoto wa kike, kimya. Mashine ya oksijeni ilikuwa imezimika pamoja na umeme. Nesi Limi akashika mfuko wa kupulizia hewa, akaminya, akaminya, vidole vikafa ganzi, hakuacha. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia.

Kwao, mtoto aliyeokolewa hupewa jina la mwokozi wake, nalo hutajwa na mama kabla uji wa siku ya kumtoa nje haujaiva. Siku hiyo waokozi wote watatu walikaa mlangoni.

"Nisingenusa, mngekuwa majivu," akasema Bibi Nyamizi.

"Na michembe ni ya nani, Bibi?" akauliza Lubasha. "Mimi niliuzuia ule mlango. Ungefunguliwa, wanaume wale na waliokuwa darasani tungewazika."

"King'ora ulikizima," akasema Nesi Limi.

"Kwa amri yako, Nesi!"

"Basi mtoto alikuwa hapumui, nikampumulia. Hilo nani anakana?"

"Kwanza, msichana aitwe Lubasha?" Bibi Nyamizi akacheka. "Atachumbiwa na nani?"

Kabula alikuwa na usingizi wa siku nyingi. Akamtazama mwanawe akinyonya. Wote watatu walikuwa wamemwokoa. Wote watatu nusura wamuue. Na jina lilikuwa moja.

Uji ukaanza kutokota. Kabula akafumbua kinywa.

Enyi mliokaa hapa, mngekuwa yeye mngetamka lipi? Je, ni nani kati yao aliyestahili mtoto yule aitwe kwa jina lake?