Zimwi Lililovunja Mabaraza

Sogeeni niwasimulie, na aliye karibu na mlango auache wazi.

Hapo kale, katika mji wa Shungi, kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, na jioni watu walikaa hapo wakinywa kahawa na kusengenyana. Zimwi lilikuja kuwinda likarudi na njaa, maana kila kichochoro kilikuwa na macho.

Siku moja likajigeuza fundi mwashi, likabisha kwa Mize, mjane aliyechoka kusemwa na jirani yake, Bi Hadia.

"Mama, nikuvunjie baraza nikujengee ukuta? Sitaki ujira."

Mize akakubali. Ukuta ukapanda wenyewe, jiwe juu ya jiwe. Majirani wakaona wivu, kila mmoja akataka wake. Fundi akarudi, akaziba madirisha ya njiani, wakashukuru. Akarudi tena, akaweka milango minene yenye makomeo, wakashukuru zaidi.

Ndipo zimwi likaanza kula. Nyumba ya kwanza ikalia, Mize akasema, "Hayanihusu." Ya pili ikalia, akasema, "Wana ugomvi wao." Ya tatu ikalia, akajifunika shuka.

Jioni iliyofuata komeo lake likafunguka lenyewe, maana lilimjua aliyelitengeneza.

"Bi Hadia, nakufa mimi," Mize akalia.

Nyuma ya ukuta akaisikia sauti ya Bi Hadia ikimwambia mwanawe, "Kula, mwanangu. Hayatuhusu."

Ngano yangu imeishia hapo. Na ule mlango, nani ameufunga?