Ruta ya Mpakani na Lango la Mtitu

Mwita wote, apokee wote. Ndivyo alivyosema fundi mkuu asubuhi hii, pale mwenzenu alipoalika karakana nzima kwa chai, halafu zikaja chapati nne. Mmecheka, kisha mkaniuliza msemo huo kautoa wapi. Haukuachwa na mababu, wanangu. Ulizaliwa juzijuzi tu, bonde la Ikangala, ndani ya chumba cha mitambo chenye feni mbovu. Ulianza hivi.

Bondeni kule kulikuwa na mitandao miwili ya mawasiliano. Wa bwawa uliangaliwa na Sekela, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyokosa kitu. Wa mifereji ya mpunga uliangaliwa na Komba, mtu wa mwili na mizaha. Kila mtandao ulikuwa na ruta zake, zile mashine za kuelekeza ujumbe, kama trafiki wa njia panda. Shida ni kwamba ruta za Sekela zilipashana habari za njia kwa lugha moja, za Komba kwa lugha nyingine. Ofisi zilipounganishwa, ikabidi iwekwe ruta ya mpakani iwe mkalimani: inasikia njia za huku, inazitangaza kule.

Lakini Komba alikuwa na vituo vya maji utitiri, na ruta ya bwawani ilikuwa kuukuu. Ikitajiwa majina yote, yaani anwani za namba za kila kituo, inapaliwa.

"Dada, usiumize kichwa," Komba alimwambia. "Tutajumlisha. Ruta ya mpakani itatangaza neno moja: kila anwani inayoanza na ishirini, leteni kwangu. Kama harusini, wa upande wa bwana harusi wote meza ile."

Sekela akakubali. Tena akaongeza kufuli lake: ruta ya bwawani isikubali jina lolote la ishirini kutoka mlango mwingine ila wa mpakani. Hakuwa mkorofi. Njia zikishatafsiriwa huwa kama umbea: hutokea mlango wa mbele, zikarudi wa nyuma zimebadili nguo, na ujumbe ukazunguka mpaka ukafa.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka masika yakang'oa waya wa Mtitu.

Mtitu ni lango la chuma huko juu mtoni, halina mlinzi. Mto ukijaa, linafunguliwa kwa amri kutoka chumba cha mitambo, maji ya ziada yaingie mkondo wa zamani porini. Lisipofunguliwa, maji yanapanda tuta na kumwagikia mashamba ya chini. Waya huo wa upande wa Komba ulipokatika, mafundi wakaliunganisha Mtitu kwa redio kupitia mnara wa bwawani, upande wa Sekela. Anwani wakaiacha ileile ya ishirini. Taa ya redio ikawaka kijani, wakafunga mikoba yao wakaenda zao.

Siku hiyohiyo Sekela alikuwa mbele ya skrini. Mtitu: mita mbili nukta nne, rangi ya kijani. Akatazama dirishani. Milima ilikuwa imefunikwa na mvua nyeusi. Akarudi kwenye skrini. Mbili nukta nne. Mto gani huo hautikisiki hata tone?

"Kaka Komba, hii namba imekufa," alisema akimgeukia meza ya pili. "Ni ya jana."

Akatuma amri ya kufungua lango. Kimya. Akatuma tena. Kimya.

"Nani yuko mashamba ya chini?" Komba aliuliza.

"Wavunaji. Na mama yangu."

Akampigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Alijua iko wapi: kwenye kapu, kibandani. Wavunaji wa Ikangala huziacha zote huko zisidumbukie matopeni, na wakati wa kupura mpunga hakuna anayesikia kitu. Kwenda kwa gari haiwezekani, kivuko kilishazama.

Sekela akautuma ujumbe wa kupima njia, ule unaotaja kila ruta unayopita. Majina yakaanza kushuka kwenye skrini.

Bwawani. Mpakani. Bwawani. Mpakani. Bwawani. Mpakani.

Komba aliacha mizaha. "Unazunguka."

"Ruta yako ya mpakani inasema ishirini zote ni zake. Yangu inampelekea. Yeye njia ya Mtitu hana tena, na asichokijua anakirudisha kwangu. Mimi namrudishia."

"Basi nifute tangazo la jumla! Vituo vitajwe kimoja kimoja."

"Usiguse! Yakija majina yote ruta yangu inazimika, na malango makubwa ya bwawa yanazimika nayo. Hapo hayazami mashamba tu, tunazama wote."

"Sasa tufanyeje, Sekela? Maji hayasubiri kikao!"

Sekela akavuta kibodi. Mnara wa redio ulikuwa unalitangaza jina la Mtitu tangu asubuhi, unabisha hodi, na kufuli lake mwenyewe ndilo lililoukatalia. Wewe Komba umeita usioweza kuwapokea, alifikiri, na mimi nimemfungia mlango anayeijua njia. Akaanza kuandika: jina moja tu liruhusiwe kupitia mnara, la Mtitu. Ruta ikisikia jina kamili, huliamini kuliko la jumla. Akasoma mara mbili, maana kosa la herufi moja lingefungulia utitiri wote. Akabonyeza.

Bwawani. Mnarani. Mtitu.

Namba ikaruka. Mita nne nukta tisa, nyekundu. Tuta lina mita tano.

"Fungua!" Komba alipiga kelele, kana kwamba lango lina masikio.

Amri ikaenda. Namba ikasimama. Ikapanda kidogo, moyo wa Sekela ukapanda nayo. Kisha ikaanza kushuka, polepole, kama mtu mzito anayeshuka ngazi. Sekela akaweka kichwa juu ya meza.

Jioni mama yake, Bi Tupoke, alipita ofisini na kiroba cha mpunga kichwani, matope mpaka magotini. "Simu yangu imejaa jina lako. Kuna msiba?"

Komba akamweleza yote, kichwa chini: jinsi ruta yake ilivyokuwa ikiwaita hata wale isiokuwa na njia ya kuwafikisha. Bi Tupoke akatua kiroba, akamtazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, hata msibani ukitangaza ukoo mzima uje, uwe na mkeka wa ukoo mzima. Na kama yupo wa kulala kwa jirani, msemee mapema kwa jina lake. Mlitaka kuniosha bure, na kuoga nimeshaoga."

Komba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Kesho yake akayabandika maneno ya yule mama juu ya ruta ya mpakani, kwa kifupi, na kila fundi aliyefika akaondoka nayo mdomoni:

Mwita wote, apokee wote.