Chungu Kilichovunjika Langoni

Mwinyi Shebe alikuwa na lango la soko, na tamaa yake haikuwa na lango. Bidhaa yoyote iliyopita hapo aliipanga mwenyewe kwa safu zilizo sawa, pasibaki kitu, kisha safu moja ikawa yake, ushuru wa lango. Mara nyingi alipanga mbili, akala nusu.

Siku hiyo Mwatime mfinyanzi alifika na wifi yake, punda, na vyungu ishirini na vinne. Palepale langoni kimoja kikamponyoka, kikavunjika vigae. Mwinyi akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Pole, mama. Tupange vilivyosalia."

Akapanga safu mbili, kikabaki kimoja. Tatu, vikabaki viwili. Nne, vikabaki vitatu. Akavua kanzu, akawa anatambaa kati ya vyungu huku jasho likimtiririka, na soko zima limeacha kuuza ili limtazame.

"Basi safu moja," akafoka. "Vyote vyangu."

"Haya, Mwinyi," Mwatime akasema kwa upole. "Ila sheria yako ni safu ziwe sawa. Hiyo iko sawa na ipi?"

Watu wakaangua kicheko. Ikabidi kila chungu kiwe safu yake. Mwinyi akachukua kimoja, akaenda zake kichwa wazi.

"Hata hivyo wifi, pole na kile kilichokuponyoka," wifi yake akasema walipoingia sokoni.

Mwatime alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. "Kiniponyoke wapi? Ishirini na vinne vinagawika kila namna, ishirini na vitatu havigawiki. Kile nilikichagua tangu jana, wifi. Kilikuwa na ufa."